Maswali na majibu: Siku ya kuziaga sindano Japani

Nimesikia Wajapani huchomeka sindano kuukuu kwenye tofu (chakula laini kama jibini, cha maharage ya soya). Kwa nini tofu?

Kwa sababu ni laini. Sindano imetoboa vitambaa vigumu maisha yake yote, basi siku ya kuagwa hupewa mahali pa kupumzika. Ibada hii huitwa *hari-kuyō*: *hari* ni sindano, na *kuyō* ni ibada ya kuwakumbuka waliokufa. Wengine hutumia konyaku, chakula kinachonyumbuka mithili ya mpira, kinachotengenezwa kwa unga wa aina fulani ya kiazi na maji ya chokaa. Kwa maoni yetu konyaku ni bora, maana hushika sindano wima bila kupasuka.

Hufanyika lini na wapi?

Tokyo ni tarehe 8 Februari, na hekalu la Sensō-ji mtaa wa Asakusa ndilo maarufu. Kyoto wengi hufanya tarehe 8 Desemba, kwa mfano katika hekalu la Hōrin-ji. Kwenye kalenda ya kale, siku hizo mbili zilihusishwa na kufungua na kufunga kazi za mwaka. Siku hiyo mshonaji hashoni.

Sindano ni kitu kidogo. Heshima yote hiyo ya nini?

Fikiria kimono, vazi la jadi la Kijapani. Ilishonwa kwa mkono, na ilipohitaji kufuliwa vizuri ilifumuliwa yote, vipande vikafuliwa na kunyooshwa vikiwa bapa, kisha ikashonwa upya. Nguo moja ilipita kwenye sindano mara nyingi. Wanaokuja hekaluni hushukuru, na huomba mikono yao izidi ustadi.

Mimi ni fundi cherehani. Nitajuaje sindano imechoka?

Ibadilishe baada ya saa 8 hivi za kushona. Kwa jinzi, mapema zaidi. Dalili ni mishono inayoruka, uzi unaokatika, na mlio wa "tak-tak" kila inapotoboa. Kama unashuku imepinda, ilaze kwenye kioo kwa ule upande bapa wa shina (sehemu nene ya juu). Mwanya ulio chini yake uwe sawa mpaka nchani. Ukipanuka au kuziba, sindano hiyo imekwisha, hata kama ncha bado inachoma.

Naweza kufanya nyumbani?

Unaweza. Chukua tofu ngumu iliyokamuliwa (ile laini kama maziwa mgando hubomoka), ifunge kwenye kitambaa, iwekee uzito mdogo kwa dakika 20 ili itoke maji. Hesabu sindano zako. Chomeka kila moja kwa ncha, hadi nusu, ukiacha nafasi ya upana wa kidole. Zikibanana tofu hupasuka. Vipande vilivyovunjika vishike kwa kibano. Ukishashukuru, zichomoe, uzihesabu tena, uziweke kwenye kopo la bati na kulifunga kwa utepe wa gundi kabla ya kulitupa. Tofu hiyo usile, wala usiwape kuku: kipande kinaweza kubaki ndani.