Kabla ya Sukhoi, ijue kwanza L-39

Vijana wengi wanaoniomba ushauri wa kuingia jeshi la anga huanza na Sukhoi, ndege za kivita za Urusi. Nawaelewa. Tangu Su-30 sita zilipoanza kutua Uganda mwaka 2011, nani asiyetamani kuzirusha? Lakini mimi niliyefanya kazi ya ufundi wa ndege nawasihi: isomeni kwanza L-39 Albatros, ndege ya mafunzo. Hiyo ndiyo itakayowafunza kufikiri kama marubani.

Ilibuniwa Chekoslovakia na Jan Vlček na wenzake, ikaruka mara ya kwanza Novemba 1968 ili kurithi L-29 Delfín, ambayo nayo ilitumika hapa kwetu enzi za Amin. Izungukeni taratibu. Matundu ya kuvutia hewa yamewekwa juu ya mbawa, hivyo kokoto zinazorushwa na magurudumu haziingii injini kwa urahisi. Anayevijua viwanja vyetu vya moramu ataona faida yake. Kiti cha mkufunzi, kile cha nyuma, kimeinuliwa apate kuona mbele. Mbawa zimenyooka. Mwendo wake haupiti sana kilomita 750 kwa saa, ila humvumilia mwanafunzi ambaye mkono wake bado mzito.

Somo kubwa liko kwenye injini, AI-25TL. Haina haraka. Kutoka mzunguko wa chini hadi nguvu kamili huchukua karibu sekunde kumi. Sasa fikiria unatua, umepunguza nguvu mno, ndege inaanza kuzama. Unasukuma wenzo wa nguvu za injini mpaka mwisho, na bado inazama, kwa sababu injini ndiyo kwanza inaamka. Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mchana kuna joto, kwa hiyo hata hiyo nguvu ikija huja pungufu. Ndiyo maana wakufunzi hawachoki kumkemea mwanafunzi anayeiacha injini ilale akikaribia uwanja. Kama mkao wa kutua si mzuri, ongeza nguvu mapema, zunguka, urudi upya. Hakuna aibu hapo.

Na kiti cha kujirusha, kile kinachomtoa rubani ndegeni wakati wa dharura, msikichukulie kama dawa ya kila kitu. Kile cha L-39, kiitwacho VS-1, kinahitaji ndege iwe mbioni, kama kilomita 150 kwa saa, ukiwa chini. Jifunze mapema lini kitakuokoa na lini hakitafaa. Pini zake za usalama nazo zihesabu mwenyewe kabla na baada ya kuruka, hata kama fundi amekwambia ziko sawa.

Aina ya L-39 iitwayo ZA hubeba mzinga wa milimita 23 tumboni na silaha chini ya mbawa. Hayo yatakuja baadaye.

Walio kwenye chuo cha urubani Soroti wanaweza kuanza sasa hivi, hata kwenye Cessna: kila unapokaribia kutua, amua mapema kama utaendelea au utazunguka, ukimwambia mwalimu kwa sauti kabla hajakuuliza.