Mtoto Aanze Kuisoma Picha

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama vitabu vya picha humsaidia mtoto mdogo kujua kusoma au humzoesha kubahatisha maneno. Mimi nasema vinasaidia, tena sana, mradi mtu mzima aliyeketi naye asiwe na haraka.

Wengi wetu hukimbilia maandishi. Tunasoma sentensi, tunafunua ukurasa, na mtoto akigusa picha tunamwambia asubiri. Kumbe mtoto wa miaka 3 au 4 anaposomewa, macho yake huwa kwenye picha karibu muda wote. Watafiti waliofuatilia macho ya watoto wameliona hilo. Basi mazungumzo yaanzie huko anakotazama. Mpwa wangu aliwahi kuweka kidole juu ya paka aliyejibanza chini ya kitanda, paka ambaye maandishi hayakumtaja kabisa. Nikamuuliza, "Kwa nini amejificha?" Akanijibu, "Anaogopa mvua," akanionyesha dirisha lililojaa matone upande wa pili wa ukurasa. Herufi hata moja alikuwa hajaijua, lakini sababu ya jambo alikwisha kuitafuta na kuipata mwenyewe. Huko ndiko kuelewa hadithi, na bila kuelewa, kutamka maneno kuna faida gani?

Mwaka 1988, huko Marekani, Grover Whitehurst na wenzake walichapisha utafiti kuhusu usomaji wa aina hii. Wazazi walielekezwa kuuliza maswali yasiyoishia kwenye ndiyo au hapana, na kuyarefusha majibu ya watoto. Mtoto akisema "mbwa", mzazi anaongeza, "Ndiyo, mbwa mweusi anakimbia." Kwa mwezi 1 tu, watoto hao waliwapita kwa lugha wenzao waliosomewa kwa kawaida.

Hofu ya kubahatisha naielewa, ila inahusu hatua ya baadaye. Mtoto akishaanza kuunganisha herufi, tusimwambie atazame picha ndipo aseme neno. Asome herufi kwanza, kisha picha imthibitishie. Kabla ya hapo, inatosha kupitisha kidole chini ya maneno unapomsomea, azoee kwamba sauti anayoisikia inatoka kwenye maandishi.

Na akitaka kitabu kilekile kila usiku, msomee kilekile. Maneno mapya hukaa kwa kurudiwa, na kila mara ataona kitu ambacho jana hakukiona.