Programu ikishindwa kuifikia databesi, imwambie nini muuzaji?

Mkuu mleta uzi, umeuliza uandike nini badala ya ule ujumbe wa Kiingereza unaowatisha wauzaji wako databesi isipopatikana. Mimi kwenye programu ya duka la dawa niliweka "Tatizo la databesi", basi, nikajiona nimewarahisishia. Siku moja simu: "Kaka, mashine imeandika tatizo la databesi." Nikapanda daladala mbili kwenda kukuta waya wa mtandao umechomoka, aliyefagia asubuhi kaukanyaga. Wiki iliyofuata maneno yale yale, kumbe safari hii MySQL, programu inayoendesha databesi yenyewe, haikuwaka baada ya umeme kukatika.

Na MySQL ilikuwa imeshanipa tofauti, mimi ndiye niliyeitupa. Ukipata kosa 2003, yaani imeshindwa kuunganishwa, tazama namba ya mwishoni mwa ujumbe. 10061 kwenye Windows, au 111 kwenye Linux, mara nyingi ni kwamba kompyuta umeifikia ila kwenye poti ile, yaani mlango wenye namba ambao programu hupitia, hakuna anayesikiliza. Umepiga hodi, ukaambiwa mwenyewe hayupo. 10060, au 110, umepiga hodi mpaka umechoka, kimya: hapo kagua waya, anwani, fayawoli (kizuizi cha mtandao). 1045 ni habari nyingine kabisa, seva, yaani ile kompyuta yenye databesi, iko hai, imekukatalia jina au paswedi.

Siku hizi juu naandika kwa muuzaji: "Kompyuta kuu haipatikani. Angalia kama imewaka na waya umeingia. Mauzo haya HAYAJAHIFADHIWA." Hiyo ya mwisho usiisahau, mteja kasimama na chenji yake. Chini, kwa herufi ndogo, ni yangu mimi: 192.168.1.20, poti 3306, 10060, na saa. Anwani ndiyo imeniokoa zaidi. Juzi dada wa kaunta kanisomea anwani inayoishia na 20, nikamwambia aandike ipconfig, amri ya kuonyesha anwani, kwenye seva, ikatoka inayoishia na 23. Ruta ilikuwa imeigawia anwani mpya. Tumemaliza kwa simu.

Ila usifafanue kama kilichokosewa ni jina au paswedi, anayebahatisha kuingia asijue kipi amepatia. Hata PostgreSQL, programu nyingine ya databesi, humjibu mtu sawasawa kwa yote mawili, ukweli unabaki kwenye logi (kumbukumbu) ya seva. Na ujumbe wa maktaba, ile kodi iliyotengenezwa tayari ya kuunganisha na databesi, usiuachie upite mzima mzima bila kuuchuja. Niliwahi kuikuta paswedi ya root (mtumiaji mwenye ruhusa zote), yangu mwenyewe, kwenye picha ya skrini ndani ya grupu la WhatsApp la wauzaji.