Rivolva Kubwa Adimu: Soma Namba Kabla ya Kusoma Bei

Rivolva kubwa zisizo za kawaida zina tatizo ambalo halionekani kwenye kabati la muuzaji: zikiharibika, vipuri havipo. Smith & Wesson Model 29 ikilegea, fundi ana pa kupata vifaa. Colt New Service, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1898 na kukoma wakati wa Vita Kuu ya Pili, vipuri vyake vinapatikana kwa kuchinja bastola nyingine ya aina hiyohiyo. Kwa hiyo bastola inavyozidi kuwa adimu ndivyo unavyopaswa kuwa mkali zaidi katika ukaguzi, ingawa wanunuzi wengi hufanya kinyume chake kwa hofu kwamba hawataiona tena.

Marekani, ambako soko hili ni kubwa, zitafute kwenye maduka ya rehani, minada ya mirathi na maonyesho ya silaha. Tangazo likisema tu "Smith & Wesson .44", omba picha zaidi, kwa sababu .44 ni ukubwa wa risasi tu, na maneno hayo yanaweza kumaanisha bastola tano tofauti. Katika Smith & Wesson za fremu kubwa, yaani fremu N, jina la modeli lilianza kugongwa mwaka 1957. Fungua silinda uangalie kwenye fremu, pale mkono unaobeba silinda unapoingia. Tarakimu inayofuata kistari inaonyesha mabadiliko ya kiwandani: 29-2 si 29-3. Kama hakuna modeli, hesabu skrubu. Za kale zina tano: nne kwenye bamba la ubavuni na moja mbele ya kingo ya kifyatulio. Ile ya juu ya bamba iliondolewa katikati ya miaka ya 1950, na ya mbele ikaondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vua mbao za mpini kwanza, kwa kuwa mbao pana hufunika skrubu moja pamoja na namba iliyo chini ya mpini.

Hiyo namba ndiyo kazi kubwa. Kwenye Smith & Wesson za kabla ya vita, namba ileile inapaswa kuonekana chini ya mpini, nyuma ya silinda, chini ya mtutu, na nyuma ya nyota inayotoa maganda. Mara nyingi imeandikwa kwa kalamu ya risasi ndani ya ubao wa kulia wa mpini pia. Silinda yenye namba nyingine ni silinda ya kuokotwa, na inaweza isilingane na mtutu. Namba ikiwa imesagwa au kufutwa, iache palepale. Kumiliki silaha yenye namba iliyofutwa ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho.

Kuna majina yanayouza bastola isiyo yenyewe. Triple Lock (kufuli tatu), toleo la kwanza la rivolva ya .44 Hand Ejector ya Smith & Wesson, ilitengenezwa kati ya 1908 na 1915, takriban 15,000 tu. Wauzaji humwonyesha mteja ala iliyo chini ya mtutu, inayofunika fimbo ya kutolea maganda, na kusema huo ndio ushahidi. Sivyo. Ala iliondolewa kwenye toleo la pili, kisha ikarudi kwenye la tatu mwaka 1926 bila kufuli la tatu. Tafuta kufuli lenyewe, dogo, pale mkono wa silinda unapokutana na ala hiyo.

Mtego mbaya zaidi upo kwenye rivolva za risasi ya Uingereza ya .455. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Smith & Wesson na Colt waliuza rivolva kubwa za .455 kwa Uingereza na Kanada. Baada ya hapo nyingi zilirudi Marekani na kubadilishwa zitumie .45 Colt au .45 ACP, maana risasi za .455 zilikuwa shida kupatikana. Kwa .45 ACP, fundi alikata nyuma ya silinda ili klipu za nusu mwezi, yaani vibamba vya chuma vinavyoshika risasi, ziingie. Alama za ukaguzi za Uingereza kwenye chemba (matundu ya silinda yanayobeba risasi) na mtutu, pamoja na namba ya nyuma ya silinda kupotea, zinakueleza hadithi yote. Silinda iliyokatwa haikubali tena risasi yake ya asili bila kuacha mwanya mkubwa nyuma ya ganda. Inaweza kuwa bastola nzuri ya kupigia, lakini hailipiwi bei ya mkusanyaji.

Vivyo hivyo kwa .44 Special. Watu walichimba chemba zake ziwe ndefu ili zikubali .44 Magnum, risasi yenye nguvu zaidi, na chuma cha miaka ya 1920 hakikutengenezwa kwa shinikizo hilo. Beba ganda tupu la .44 Magnum. Ganda la Special lina urefu wa inchi 1.16, la Magnum inchi 1.285. La Magnum likizama lote kwenye chemba ya bastola ya Special, rudisha bastola kwa mwenyewe. Model 25-5 ya .45 Colt nayo ina kasoro yake ya kiwandani: nyingi za mwanzo zina midomo ya mbele ya chemba yenye upana wa hadi inchi 0.456, wakati mtutu ni karibu 0.452. Chukua kichwa cha risasi cha 0.452 ukidondoshe kutoka nyuma. Kikipita huru bila kugusa, tegemea vichwa vya madini ya risasi kutawanyika kwenye shabaha. Hapo dawa ni silinda nyingine, si kusafisha.

Sasa ukaguzi wa mitambo. Hakikisha haina risasi, kisha omba ruhusa kabla ya kukoki. Weka kidole gumba kwenye silinda kwa mkandamizo mdogo, koki nyundo polepole sana, na sikiliza. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijasimama au wakati uleule. Rudia kwa kila chemba, zote sita, maana nyota inaweza kuwa imechakaa jino moja tu. Nyundo ikiwa imekokiwa, isukume mbele kwa kidole gumba bila kugusa kifyatulio. Ikianguka, mtu alishazisaga kingo za ndani zinazoishika nyundo, akitafuta kifyatulio laini.

Kisha pima. Sukuma silinda nyuma, ingiza geji ya fila (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya) kati yake na mtutu. Halafu isukume mbele upime tena. Tofauti ya vipimo viwili ni mchezo wa silinda, na ukipita inchi 0.003 kuna kazi ya kufanya. Mwanya wenyewe kwenye Smith & Wesson unatarajiwa kuwa kati ya 0.004 na 0.010, na 0.006 ni mzuri. Rivolva ya Dan Wesson ni tofauti: mtutu wake hufunguliwa kwa spana maalumu na mwanya hupangwa na mtumiaji, kwa hiyo mwanya mbaya si kasoro, ila uliza kama spana ipo. Colt New Service ukivuta kifyatulio hadi mwisho, silinda inapaswa kukaa kama imekwama; Smith & Wesson nzima huruhusu mtikisiko kidogo wa kuzunguka, hivyo usizilinganishe.

Mulika mtutu kwa tochi. Pete nyeusi katikati inamaanisha uliwahi kuvimba kwa risasi iliyokwama. Mkwaruzo wa moto juu ya mwanya kwenye upau wa fremu unatisha kwa macho, lakini hufika kina fulani ukakoma, kwa hiyo si sababu ya kukataa.

Dalili za kupakwa rangi upya: kingo za mviringo, herufi zilizofifia, matundu ya skrubu yaliyolika. Kwenye Smith & Wesson za zamani nyundo na kifyatulio vina rangi za mawimbi ya moto. Vikiwa na rangi ya buluu kama fremu, mtu alizamisha vyote pamoja.

Kwa bastola ya bei kubwa, agiza barua ya kumbukumbu kutoka Smith & Wesson Historical Foundation au Colt Archives. Inataja risasi ya asili, urefu wa mtutu na tarehe ya kutoka kiwandani, na mara nyingine mteja wa kwanza. Kununua toka jimbo jingine hupitia muuzaji mwenye leseni, isipokuwa una leseni ya mkusanyaji na bastola imetimiza miaka 50. Kagua mikononi mwa muuzaji huyo, kwa vipimo vyote, kabla ya kujaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununulia silaha. Ukishakabidhiwa, wauzaji wengi hawaipokei tena.