Barua kwa mwanangu: Alma Thomas na mkorosho wetu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza kama ukichora kwa namna ya Alma Thomas, yule mama wa Marekani uliyenionyesha picha zake, utakuwa umeiba. Tena unauliza cha kwako utakipata wapi.

Nilimpenda tangu uliponiambia alikuwa mwalimu. Miaka 35 darasani Washington, akastaafu mwaka 1960, ndipo akaushika uchoraji kwa nguvu zote. Mwaka 1972, akiwa na miaka 80, picha zake zikatundikwa jumba la sanaa la Whitney, New York. Mstaafu kama mimi hilo linanigusa sana.

Ila umesahau uliyonieleza mwenyewe. Mwaka 1963 aliichukua kazi ya Matisse, mchoraji wa Ufaransa, iitwayo Konokono, ile ya karatasi za rangi zilizokatwa na kubandikwa, akaigeuza, akabadili rangi, akaiita Watusi. Alikuwa anajifunza. Baadaye, baridi yabisi ikimtesa, alipotakiwa kupeleka picha Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1966, aliketi akautazama mti wa nje ya dirisha lake, jinsi mwanga unavyopenya majani. Vile vipande vya rangi unavyovipenda vimetoka kwenye mti ule.

Mimi nilijifunza kusuka ukili wa mikeka hivyo hivyo. Nilikaa kando ya jirani yetu nikihesabu miyaa yake: mwekundu mmoja, myeupe miwili, wa zambarau mmoja. Nikarudi nyumbani nikasuka vile vile. Bibi yako akaupapasa kwa kidole gumba, taratibu, mwanzo hadi mwisho, akasema, "Mkono umeshajua. Sasa fumua." Nililia, mwanangu. Ukili uliofuata niliusuka kwa rangi za ghuba yetu maji yakiwa yamekupwa, kijivu cha tope na kijani cha mikoko. Ndio mkeka uliokulia juu yake.

Kwa hiyo mwige, tena waziwazi, na ukiulizwa mtaje. Mkono ukishajua, ziweke kando picha zake, utazame kwa macho yako.

Mwezi wa saba tutakuwa tunapulizia mikorosho. Unaikumbuka asubuhi ile, umande haujakauka, unga wa salfa, dawa ya mikorosho, umening'inia hewani, manjano hafifu? Jani linakuwa si la kijani tena, wala si la kijivu. Juu yake vishada vya maua, machanga meupe, yaliyokomaa yameiva wekundu. Chini, kivuli kimetobokatoboka kwa mwanga, na mwanga wenyewe hautulii, upepo wa bahari unauhamisha. Nimeishi nao miaka yote hii na bado sijapata jina la rangi ile.

Njoo. Siku tatu za kwanza usichore kitu, kaa tu pale chini. Ya nne nitakuachia meza ya barazani.

Mama yako,
Mikindani