Mtaalamu wa jeni na malaria: majibu kwa wasomaji

Tangu safu hii igusie utafiti wa vinasaba na magonjwa ya kuambukiza, maswali kuhusu malaria yamekuwa mengi kuliko mengine yote. Nimechagua machache, na ninaanza na lile linalozaa mengine.

Swali: Malaria haturithi kwa wazazi, tunaambukizwa na mbu. Mtaalamu wa jeni anatafuta nini humo?

Watoto wawili hulala nyumba moja, huumwa na mbu walewale, na bado mmoja hupata homa inayopita ilhali mwenzake hupoteza fahamu na kulazwa. Sehemu ya tofauti hiyo imo katika vinasaba vyao. Mwaka 1949 mwanasayansi J.B.S. Haldane alitoa hoja kwamba baadhi ya magonjwa ya damu ya kurithi yameendelea kuwapo kwa wingi katika maeneo yenye malaria kwa sababu huwakinga wale wanaobeba nakala moja tu ya jeni yenye kasoro. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi uliokusanywa Afrika Mashariki unaoonyesha kwamba ndivyo ilivyo kwa selimundu, ugonjwa unaotokana na badiliko la herufi moja tu ya DNA katika jeni ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu.

Hata hivyo, jeni za binadamu ni sehemu moja tu ya kazi hii, kwa kuwa kimelea kina zake na mbu ana zake. Mwaka 2002 ulichapishwa mfuatano mzima wa vinasaba vya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, wenye herufi zipatazo milioni 23 katika kromosomu 14, na mwaka huohuo ukachapishwa wa mbu Anopheles gambiae. Tangu hapo mtafiti wa fani hii husoma viumbe watatu ambao kila mmoja humlazimisha mwenzake kubadilika, na ndiyo maana jibu lililokuwa sahihi miaka ishirini iliyopita huenda leo likahitaji kupimwa upya.

Swali: Nimepimwa nikaambiwa nina AS. Je, ninaweza kuacha kutumia chandarua?

Hapana. Hali ya AS, yaani kubeba nakala moja tu ya jeni ya selimundu, hupunguza sana uwezekano wa kupata malaria kali, kwa kiasi kinachokaribia asilimia 90 katika tafiti za watoto, lakini haizuii vimelea kuingia mwilini wala haizuii kila homa. Aidha, kinga hiyo haimhusu mwenye SS, yaani aliyerithi nakala mbili na hivyo ana selimundu yenyewe, ambaye akiugua malaria huwa katika hatari kubwa na anastahili kulindwa zaidi ya wengine. Ikiwa mwenzi wako naye ni AS, kila mimba ina uwezekano wa robo moja wa kuzaa mtoto mwenye selimundu, na hilo ndilo jambo la kwanza la kuzungumza na mshauri wa afya.

Swali: Klorokwini ilituponya kwa miaka mingi, kisha ikashindwa. Watafiti wa jeni walifanya nini, au walitazama tu?

Mwanzoni, kwa kweli, hawakuwa na la kufanya, kwa sababu jeni iliyohusika haikujulikana. Ni mwaka 2000 tu ndipo ilipotambuliwa jeni iitwayo pfcrt, ambayo badiliko lake humwezesha kimelea kuitoa dawa katika sehemu ambamo ingemuua. Uchunguzi wa maeneo yanayoizunguka jeni hiyo ulionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: sehemu kubwa ya usugu uliokuwa ukiua watoto wa Afrika haikuzaliwa Afrika, bali ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki na kusambaa kutoka nchi hadi nchi. Malawi, iliyoacha kutumia klorokwini mwaka 1993, ilitupa somo la pili, kwani vimelea visivyo na usugu vilirudi kwa wingi kiasi kwamba utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliikuta dawa hiyo ikifanya kazi tena vizuri kwa watoto.

Safari hii hatukuchelewa kiasi kile. Dalili za usugu dhidi ya artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya dawa mseto tunazotumia sasa, zilionekana magharibi mwa Kambodia, na mwaka 2014 jeni ya kimelea iitwayo kelch13 ikatangazwa kuwa alama yake. Kwa kuwa alama ilikwisha kujulikana, watafiti wa Rwanda waliweza kuripoti mwaka 2020 kuenea kwa badiliko liitwalo R561H, na wenzao wa Uganda wakafuata mwaka 2021 na mabadiliko mengine katika jeni hiyohiyo. Jambo zito ni kwamba vimelea vya Rwanda havikuletwa kutoka Asia. Badiliko lilizuka papo hapo. Kwa maoni yangu, tofauti hii na historia ya klorokwini haijazingatiwa inavyostahili katika mipango ya afya, kwa sababu usugu unaozuka nyumbani hauzuiwi kwa kukagua wasafiri, bali kwa kupima sampuli za wagonjwa wa kawaida katika vituo vya kawaida, mwaka hadi mwaka.

Swali: Kipimo cha haraka kilisema sina malaria, lakini darubini ikaona vimelea. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu kadhaa, ikiwamo uchache wa vimelea au aina ya kimelea ambayo kipimo hakikukusudiwa kuitambua. Sababu ya kijenetiki ni kwamba vipimo vingi hutafuta protini iitwayo HRP2, na baadhi ya vimelea vimepoteza jeni inayoitengeneza. Jambo hilo liliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, na baadaye likawa tatizo kubwa nchini Eritrea kiasi cha kuilazimu nchi hiyo kubadilisha vipimo.

Swali: Mwanangu yuko kidato cha sita na anataka kazi hii. Asome nini?

Milango ni mingi: biolojia, biokemia, udaktari, hata hisabati. Baada ya shahada ya kwanza hufuata uzamili, kisha uzamivu, kisha miaka kadhaa ya kufanya utafiti chini ya mtafiti mwandamizi kabla ya kuongoza kundi lake mwenyewe, kwa hiyo ajiandae kwa safari inayozidi miaka kumi. Takwimu na uandishi wa programu za kompyuta asiviahirishe. Mashine za kusoma vinasaba zinazidi kuwa nafuu, na kazi ngumu imehamia kwenye kuelewa kile zinachotoa.

Ningemsihi pia, na hapa najua wenzangu wengine hawakubaliani nami, akae wodini na vijijini muda mrefu kuliko anavyotaka. Herufi za DNA zikishasomwa hazina maana iwapo hatujui kwa hakika mgonjwa aliugua nini. Katika maeneo yenye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea katika damu huku anayemuua ni bakteria, na daktari akaandika kwamba ni malaria kali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 kuhusu watoto waliolazwa Kilifi, pwani ya Kenya, ulikadiria kuwa karibu theluthi moja ya waliowekwa katika kundi la malaria kali huenda waliugua ugonjwa mwingine. Watafiti walilitambua hilo kwa kutazama chembe sahani za damu, chembe nyeupe na pia selimundu yenyewe: ikiwa AS hukinga dhidi ya malaria kali, basi watoto wenye AS wanapozidi kuonekana katika kundi fulani, yafaa kuutilia shaka ugonjwa ulioandikwa. Jeni iliyogunduliwa kuwa kinga miaka sabini iliyopita ikageuka kuwa kipimo cha usahihi wa madaktari. Ni matokeo ninayoyapenda kuliko mengi yaliyotangazwa kwa kishindo zaidi.

Swali: Aliyebobea katika malaria anaweza kuhamia magonjwa mengine?

Ndiyo, na wengi huhama. Maswali hufanana. Mfano mzuri ni jeni ya APOL1: mwaka 2010 ilibainika kuwa mabadiliko yake yanayopatikana kwa watu wenye asili ya Afrika huiwezesha damu kuua vimelea vya malale vya aina ya rhodesiense, lakini anayerithi nakala mbili huwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa figo.

Swali: Watafiti wameomba damu ya watoto wetu. Tutajuaje kama haitatumiwa vibaya ng'ambo?

Uliza kabla ya kutia saini. Kamati gani ya maadili imeidhinisha utafiti, sampuli zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani ataruhusiwa kuzitumia katika tafiti zijazo, na je, watafiti wa nchi yenu watashiriki katika uchambuzi au wataishia kukusanya chupa? Swali hili la mwisho si la kisiasa tu, kwa sababu anayechambua ndiye anayeamua lipi litatafutwa. Mzazi ana haki ya kumwondoa mtoto wake katika utafiti wakati wowote bila kutoa sababu na bila mtoto kunyimwa matibabu, ingawa anapaswa kuelezwa mapema kwamba taarifa za vinasaba zilizokwisha kusambazwa kwa watafiti wengine huwa vigumu kuzirudisha.