Shangazi, dawa inampandishia mke wangu homoni za mfadhaiko

"Mke wangu ana bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na huu ni mwaka wa sita anameza lithiamu. Amenenepa, mikono inamtetemeka, kila saa anasikia baridi, na ule uchangamfu wake umekwisha. Nimesoma kwamba dawa hiyo inapandisha kortisoli, homoni ya mfadhaiko. Tangu juzi nimevificha vidonge, na chumvi nimempunguzia ili mwili ujisafishe. Amekasirika, hasemi nami. Shangazi, kumpenda ni kosa?"

Pole kwa kununiwa. Pole yangu inaishia hapo, mwanangu, kwa sababu kila nikiirudia barua yako anayenitia huruma ni mkeo.

Ulichosoma si uongo. Ubongo huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi zilizokaa juu ya figo zitoe kortisoli. Kuna wagonjwa wa sonona waliopimwa baada ya kuongezewa lithiamu juu ya dawa zao, na mfumo huo ukakutwa umeamka zaidi badala ya kutulia. Lakini hata waliopata nafuu walikutwa hivyo hivyo. Na bipola yenyewe ikilipuka, mtu akakesha usiku tatu mfululizo, hiyo kortisoli unadhani itakuwa imelala?

Unene na baridi, mimi ningeanza kuishuku tezi ya shingoni. Lithiamu huizubaisha kwa baadhi ya watu. Hupimwa kwa damu, pamoja na figo na kalsiamu, kila miezi sita hivi, na ikilegea ina dawa yake. Hata kutetemeka kunaweza kupungua daktari akirekebisha dozi. Kwenye barua yako yote, neno daktari sijaliona.

Chumvi ndiyo iliyonitoa jasho. Chumvi ikipungua mwilini, figo huing'ang'ania lithiamu, nayo ikajaa kwenye damu. Kiwango kinachotakiwa kwa kawaida ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, damu ikitolewa saa 12 baada ya dozi. Ikipita 1.5, tunazungumza habari ya sumu: kutapika, kuhara, kuyumba, ulimi kuwa mzito. Kama angekuwa bado anameza vidonge vyake, huko kumsafisha kwako kungemlaza hospitalini. Na kumkatisha ghafla nako kunaweza kuurudisha ugonjwa kwa kishindo, pamoja na hatari ya kujiua, ambayo dawa hiyo inajulikana kuipunguza.

Sasa hebu tuseme ukweli. Uchangamfu gani huo unaoulilia? Ule wa kuhamisha makabati saa nane za usiku na kumaliza akiba kwa siku mbili? Nina shaka unamtamani mkeo alivyokuwa mgonjwa, kwa kuwa alikuwa anachekesha. Miaka sita umekaa na mke aliyetulia ukadhani ametulia mwenyewe. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na aliyeunda ni yeye, kidonge kwa kidonge, mikono ikitetemeka.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Mtu akishasoma kurasa mbili kwenye simu, tayari ni bingwa wa homoni za mwenzake. Watu waliapa kuuguzana, leo wanakaguana: kilo zimeongezeka, kicheko kimepungua, nirudishieni niliyemuoa. Kama kortisoli yake inakukera kweli, acha kumhesabia kilo.

Vidonge mrudishie leo, mkononi mwake, na useme ulivificha. Asimeze dozi mbili kufidia. Mpigieni daktari wake awaambie aanzeje tena. Chumvi irudi ilivyokuwa, maji anywe kama kawaida, na dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni asizinunue kabla ya kuuliza, kwa sababu nazo huipandisha lithiamu. Siku ya kliniki muulize kama anataka umsindikize. Akikataa, kaa nyumbani.

Kisha mpe jibu hili alisome. Barua ijayo naitaka kutoka kwake.